Muhula wa Kwanza na Mbio za Nyika

Ukisikiliza jinsi historia ya riadha ya Kenya inavyosimuliwa, utadhani wanariadha wetu walizaliwa wakiwa tayari kwenye mzunguko wa mwisho. Simulizi huanzia Mexico mwaka 1968, Naftali Temu na Kipchoge Keino wakivishwa dhahabu, kisha huruka kutoka medali hadi medali mpaka ifike London. Katikati hupachikwa maelezo matatu yaliyochakaa: mwinuko wa Bonde la Ufa, ugali na mursik, na watoto wanaokimbia kwenda shule. Basi, msikilizaji ameridhika, anabadilisha stesheni.

Sibishi kwamba mwinuko una kazi yake. Wala sibishi kwamba wapo waliokimbia kwenda shule, wapo wengi. Lakini watoto wanaotembea na kukimbia kilomita nyingi kabla ya kengele ya asubuhi wamejaa Afrika nzima, na milima mirefu iko kwingi duniani. Swali linabaki: huyo mtoto alipofika shuleni, alikuta nini? Nani alimtazama akikimbia akasema, wewe njoo jioni? Na alipokuja jioni, alifanyishwa nini?

Jibu liko kwenye muhula wa kwanza. Kwetu mbio za nyika ni za mwanzo wa mwaka. Mbio za kitaifa za kuchagua timu zimekuwa za Februari kwa miaka mingi, na zile za dunia zikawa za Machi. Kwa hiyo kila Januari, shule zikifunguliwa, kuna wiki kadhaa ambazo vijana hukimbia bila kushindana na mtu yeyote. Hakuna kikombe, hakuna mgeni wa heshima, na gazeti haliji. Mimi naamini kwamba wiki hizo ndizo zilizotujenga, na kwamba tunapozifupisha tunapoteza watoto. Hebu tuanze mbali kidogo.

Mbio za nyika zilizaliwa shuleni. Katika shule ya Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, wavulana wa bweni waliiga uwindaji wa mabwana wenye farasi. Wachache walijifanya wanyama wanaowindwa, wakatangulia wakidondosha vipande vya karatasi njiani. Waliobaki walikuwa mbwa, wakafuata hiyo karatasi kupitia mashamba, mitaro na matope. Shule nyingine zikaiga. Mwaka 1868 wapiga makasia wa mto Thames, London, wakaunda klabu ya mbio hizo, Thames Hare and Hounds, kwa sababu walitaka kitu cha kuwaweka sawa wakati wa baridi. Yaani hata huko zilikotoka, mbio hizi zilikuwa maandalizi ya kitu kingine. Mwaka 1876 Waingereza walipojaribu kuandaa mashindano ya kitaifa kwa mara ya kwanza, katika msitu wa Epping, wakimbiaji wote walipotea njia na matokeo yakafutwa. Mchezo wenyewe ulikuwa bado unajitafuta.

Ulipoletwa Kenya ulikuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa shule za misheni na za serikali, kama ile iliyofunguliwa Kapsabet mwaka 1925. Wa pili ulikuwa vikosi: jeshi, polisi na magereza. Maafisa wa kikoloni hawakuwa na nia ya kutengeneza mabingwa. Walitaka vijana wa nyanda za juu, ambao waliwaogopa kwa uvamizi wa mifugo, wawe na mahali pengine pa kumalizia nguvu zao, na wajifunze kupanga foleni na kutii filimbi. Chama cha riadha cha koloni kiliundwa mwaka 1951. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, na Nyandika Maiyoro kutoka Kisii akamaliza wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, Roma, akawa wa sita. Mtu wa kwanza kuwaonyesha Wazungu kwamba tunaweza hakuwa hata Mkalenjin. Wale wanaoeleza kila kitu kwa damu ya kabila moja wamkumbuke huyo mzee.

Kitu kimoja kilibadilika mchezo ulipovuka bahari. Uingereza mbio za nyika ni mchezo wa baridi na matope. Kwetu Januari na Februari ni kiangazi. Nyasi zimekauka, ardhi imepasuka, na kundi la wavulana thelathini likipita kwenye barabara ya udongo mwekundu unaliona kwa vumbi kabla hujaliona lenyewe. Mvua za masika zinapoanza, msimu unakuwa umekwisha. Kwa hiyo mwanariadha wa Kenya alijifunza nyika juu ya ardhi ngumu, na ardhi ngumu ina adabu yake: ukianza kwa pupa, miguu inakushtaki.

Sasa twende Iten. Mji huu umekaa ukingoni mwa ngambo ya Elgeyo, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na chini yake Bonde la Kerio limelala kwenye joto lake. Shule ya St Patrick's ilianza hapo mwaka 1961, chini ya mabruda wa shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Mike Boit alipita katika shule hiyo kabla ya kushinda shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Kwa hiyo mbegu ilikuwepo. Mwaka 1976 akaja mwalimu wa jiografia, Bruda Colm O'Connell. Hakuwa mkimbiaji, na hakuwahi kuwa kocha wa mbio. Timu ilikuwa mikononi mwa Mwingereza mmoja, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule mkimbiaji maarufu. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Muda si mrefu Foster akaondoka, na mwalimu wa jiografia akabaki na timu.

Angalia huo mwaka tena: 1976. Ndio mwaka Kenya na nchi nyingi za Afrika zilipogoma kushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 tukagoma tena, Moscow. Kati ya Munich 1972 na Los Angeles 1984 ni miaka 12 ambayo hakuna Mkenya aliyekimbia Olimpiki. Mike Boit, aliyekuwa kwenye ubora wake, miaka yake ilimalizikia hapo katikati.

Wanahistoria wa medali huiruka miaka hiyo kwa sentensi moja. Mimi naona ndiyo miaka ya kutazamwa kwa makini. Maana kama riadha yetu ingekuwa inategemea Olimpiki, ingekufa. Haikufa, kwa sababu Januari haikugoma. Shule zilifunguliwa mwaka 1977, 1978, 1979, na kila mara kulikuwa na mwalimu wa michezo mwenye filimbi na orodha ya majina. Wengine walipata ufadhili wa masomo Marekani. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Wengine waliingia jeshini. Lakini kisima kilikuwa shule.

Matokeo yalipokuja, yalikuja kwa mafuriko. Mwaka 1986, huko Neuchâtel, Uswisi, wanaume wa Kenya walishinda taji la timu katika mbio za nyika za dunia, na hawakuliachia hadi baada ya 2003: mara 18 mfululizo. Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, kijana wa miaka 21 aliyetoka St Patrick's, alishinda dhahabu ya mita 1,500. Mwaka huohuo Ibrahim Hussein, naye wa shule hiyohiyo, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston. Matthew Birir akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyekuja kukimbilia Denmark, alichukua ubingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo. Shule moja ya bweni, wilaya moja. Kwenye uwanja wa shule kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa hao, kila mti na jina lake.

Watu walipoanza kufunga safari kwenda Iten kutafuta siri, wengi walirudi wamechanganyikiwa. Walitarajia kuona watoto wakiteswa kwa mbio za kufa mtu. Badala yake waliona vijana wakikimbia polepole. Polepole kweli, mwendo ambao mama anayetoka sokoni na kikapu angeweza kuufuata hatua mia mbili hivi. Kisha waliona mazoezi ya viungo: kuinua magoti, kutembea kwa ncha za vidole, kuweka mikono isiyumbe, kusimama wima. Bruda Colm anatazama kwa jicho la mwalimu wa darasa, anamrekebisha mmoja bega, mwingine mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza pia kuwakusanya chipukizi kwenye kambi za likizo, wavulana na wasichana, na huko kazi ilikuwa ileile: kwanza mtoto ajifunze kukimbia vizuri, haraka itakuja yenyewe.

Kwa nini polepole? Hapa kuna sayansi isiyo na uchawi wowote. Mtu akianza mazoezi, moyo na mapafu hubadilika haraka. Ndani ya wiki tatu nne damu inabeba hewa vizuri zaidi, na kijana anajisikia simba. Lakini kano na mifupa hubadilika taratibu mno, kwa miezi. Basi kuna kipindi cha hatari ambapo injini imeshakuwa kubwa lakini gurudumu bado ni lile la zamani. Kijana anajisikia ana nguvu, anakimbia kwa nguvu, na ugoko unaanza kuuma. Akiendelea, mfupa unapata ufa. Kwa mtoto wa miaka 15 ambaye mifupa yake bado inarefuka, jambo hilo si dogo.

Arthur Lydiard, fundi wa kiwanda cha viatu kule Auckland, New Zealand, aliligundua hili kwa kujijaribia mwenyewe. Aliwafanyisha vijana wa mtaani kwake miezi ya mbio ndefu za utulivu vilimani kabla ya kuwaruhusu kugusa kasi. Huko Roma mwaka 1960, alasiri moja, wawili kati yao walishinda dhahabu: Peter Snell mita 800 na Murray Halberg mita 5,000. Tangu hapo makocha wa dunia nzima wanajua kwamba msimu hujengwa mwanzoni. Kujua ni kitu kimoja. Kuvumilia ni kitu kingine.

Mimi nilisoma shule ya bweni katika nyanda hizohizo za juu, si Iten, na nilikuwa kwenye timu ya mbio za nyika kwa miaka mitatu. Nilikuwa mtu wa sita au wa saba, kwa hiyo sina medali ya kuwatambia. Ila niliona mwanzo wa msimu kwa karibu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu nani amerudi. Krismasi imewanenepesha wengine, na wengine wametoka kuchunga na kukamua mwezi mzima, wako fiti kuliko walivyoondoka. Lakini jina linaitwa na halijibiwi. Huyo karo haijapatikana. Timu ya Januari haikuwahi kuwa timu kamili; wenzetu walikuwa wakiingia mmoja mmoja mpaka katikati ya Februari, kila mmoja na sanduku lake la bati, kadiri mzazi alivyouza mahindi au ndama. Mwalimu wetu alilijua hilo, na kwa sababu hiyo hakuwa na haraka. Alikuwa anasema timu ni kama chungu cha githeri, huwezi kukipakua kabla maharagwe hayajaiva.

Alfajiri tuliamshwa saa kumi na moja, kabla ya kengele ya bweni zima. Giza, baridi ya kukata masikio, wengine kwenye raba za turubai zilizotoboka kidole, wengine miguu mitupu. Tulikimbia kwa kundi, nusu saa, dakika arobaini, na sheria ilikuwa moja: lazima muongee. Ukishindwa kuongea umezidisha. Kwa hiyo tulipiga stori, tulisimuliana mambo ya likizo, tulimsengenya mpishi. Jioni baada ya masomo ilikuwa mazoezi ya viungo na kilima kimoja nyuma ya shule, tukikipanda kwa kutembea kwanza. Wiki nzima ya kutembea! Vijana wa kidato cha kwanza walikuwa wanaona aibu. Jumamosi ndiyo tulienda mbali, mpaka kituo cha kupeleka maziwa na kurudi, na tukirudi tulikuta uji umeachwa kwa ajili yetu, umeganda juu.

Mbio za kweli hazikuanza mpaka wiki ya nne au ya tano. Hapo sasa mwalimu angesema kwenye sehemu fulani ya barabara, kuanzia ule mti hadi lile lango, nendeni. Na watu walienda.

Kuna jambo ambalo wasiowahi kukimbia nyika hawalijui: huu ni mchezo wa timu. Nafasi za wakimbiaji hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Katika mbio za dunia za wanaume za miaka ile, sita ndio waliohesabiwa. Mwaka 1988 huko Auckland, Kenya iliweka wanaume 8 ndani ya 9 wa kwanza. John Ngugi alishinda, na jina lake ndilo tunalolikumbuka, lakini taji la timu lilibebwa pia na mtu wa sita. Shuleni ni vilevile. Yule mwenye kipaji atamaliza wa kwanza hata umfunze vibaya. Wa tano na wa sita ndio wanaoamua kama mtarudi na kikombe, na wa tano na wa sita hawatengenezwi kwa wiki mbili. Wanatengenezwa kwenye vumbi la Januari, kwa kukimbia na waliowazidi, kwa mwendo wanaoweza kuongea.

Ndiyo maana nasema shule ilikuwa na kitu ambacho mwinuko hauwezi kukupa. Ilikuwa na ratiba ambayo haikumtegemea bingwa. Bingwa akimaliza kidato cha nne anaondoka, timu inabaki. Mwalimu hakulipwa kwa medali. Alilipwa mshahara wa kufundisha jiografia. Kwa hiyo aliweza kusubiri.

Sasa niseme kuhusu wasioweza kusubiri.

Mwaka mmoja katika eneo letu alikuwepo mvulana wa kidato cha pili, wa shule jirani. Alikuwa na mguu wa ajabu, mwepesi mpaka tulimchukia. Shule yake ilikuwa haijawahi kufika mashindano ya mkoa, na ilipomwona iliona jina lake yenyewe kwenye gazeti. Alikimbizwa tangu wiki ya kwanza: asubuhi kasi, jioni kasi, Jumamosi kushindanishwa na watu wazima. Machi alishinda kila kitu. Mwaka uliofuata alichechemea msimu mzima, akiambiwa ni uvivu. Mwaka wa tatu hakuwepo. Na kwa vile karo yake ilikuwa inasamehewa kwa sababu ya mbio, mbio zilipokwisha, shule nayo ikaisha. Nilimwona miaka baadaye akiendesha bodaboda. Tukasalimiana vizuri, tukaongea mambo ya bei ya mafuta. Hakutaja mbio, nami sikuzitaja.

Huyo ni mmoja, na hesabu ya walio kama yeye hakuna anayeitunza. Matokeo ya chipukizi huandikwa. Kupotea kwa chipukizi hakuandikwi. Mwaka 1991 huko Antwerp, Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi akiwa na miaka 13. Nchi ilishangilia, na ni haki kushangilia. Lakini hebu fikiria mtoto wa darasa la saba au la nane akiwa bingwa wa dunia, na nchi nzima ikitafuta mwingine wa umri huo. Leo kanuni za dunia haziruhusu mtoto mdogo kiasi hicho kushindana ngazi ile, na kanuni hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili.

Pesa zilipoingia, haraka ikaongezeka. Tangu miaka ya 1990 kambi za kibinafsi zimeota kila mahali, kutoka Iten hadi Kaptagat. Nyingi zimefanya kazi nzuri, sitaki kuzipaka matope zote. Lakini kambi haina kidato cha kwanza wala mtihani. Kambi haina mwalimu wa hesabu anayeuliza mbona huyu mtoto hajaja darasani leo. Kijana anaweza kutolewa shule akiwa na miaka 16 kwa sababu mtu fulani ameona anaweza kumtengenezea pesa barabarani Ulaya, na hakuna anayegonga mlango.

Kwa wasichana mlango huo umekuwa wa hatari zaidi. Agnes Tirop alishinda mbio za nyika za dunia huko Guiyang, China, mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 2021, aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Kifo chake kiliwafanya wanariadha wenzake waseme hadharani mambo waliyokuwa wakinong'ona: wanaume wanaojifanya makocha, wanaowachukua wasichana wakiwa bado wanafunzi, wakashika kadi zao za benki, simu zao na miili yao. Tukisema mazoezi ya shule ni mazoezi ya kitoto, tukumbuke kwamba mle msichana alikuwa akikimbia pamoja na wasichana wengine ishirini, mchana kweupe, chini ya macho ya walimu wasiomdai kitu. Najua hata shule zina maovu yake. Lakini ukuta wa shule, hata ukiwa na nyufa, ni ukuta.

David Rudisha hakusoma St Patrick's. Alisoma shule nyingine palepale Iten, na Bruda Colm ndiye aliyemlea kimbio. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa kwenye timu iliyopata fedha ya mita 400 kwa nne kupokezana huko Mexico. Kijana alikuwa na jina, urefu na mwendo. Yeyote mwenye haraka angemkimbiza mpaka avunjike. Akashinda ubingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 2006, akapita kwenye majeraha, akaikosa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na hakuna aliyemtupa. Agosti 9, 2012, huko London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91, akiongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa rekodi ya dunia, na bado ipo ninapoandika haya. Watu huikumbuka dakika hiyo moja na nusu. Nyuma yake kuna miaka ya kuambiwa punguza.

Sasa mfumo mpya wa elimu umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Kwenye karatasi ni habari njema: kwa mara ya kwanza mbio zitakuwa somo lenye heshima, si kitu cha kufanywa baada ya masomo na walio wagumu wa vitabu. Lakini nina wasiwasi. Mkuu wa shule atakayepimwa kwa idadi ya medali atataka medali Machi, na atakayezitaka Machi ataanza kasi Januari. Tukiingiza michezo darasani na kuacha subira nje ya geti, tutakuwa tumejenga kiwanda cha kuvunja magoti kwa gharama ya serikali.

Kitu cha kufanya si kigumu. Mwalimu wa michezo apimwe kwa kitu kingine: kati ya wale vijana thelathini waliokimbia muhula wa kwanza kidato cha kwanza, ni wangapi bado wanakimbia kidato cha nne? Na ni wangapi wamefanya mtihani? Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye daftari la shilingi hamsini. Shule ikiweza kuitunza kwa miaka minne, itajua kuhusu riadha kuliko mgeni yeyote anayekuja Iten na kamera kuuliza siri ni nini.